Nilichokuambia Nyuma ya Pazia

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Naipingo kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia urudi kabla hajakufungia mbaazi, ufuta na kuku aliye hai. Kwa hiyo muda ninao. Nimekaa barazani kwenye kile kiti cha baba yako chenye mguu mfupi, nimechana kurasa za katikati za daftari la mazoezi, na jua la alasiri limeshafika kwenye vidole vyangu vya miguu. Barua hii nataka uisome leo leo ukirudi, si kesho ndani ya gari la Ruangwa. Wapo wanaoificha barua chini ya nguo ili mtoto aikute akishafika mbali. Mimi sitaki hivyo, na ukiimaliza utajua kwa nini.

Mambo ya neti, ya dawa ya tumbo na ya kutokwenda kisimani na kandambili zilizokatika siyaandiki. Nimeyasema tangu Jumatatu mpaka umeanza kuyasema pamoja na mimi, kwa sauti yangu, na kidole changu umekiiga sawasawa. Una kipaji cha kuniiga. Kuna mtu aliyekutangulia kwa kazi hiyo, nitamfikia.

Nataka tuzungumze habari ya kamba za viatu.

Najua umeshacheka. Hadithi hiyo umeisimulia Nachingwea nzima. Siku yako ya kwanza jukwaani, una miaka kumi na minne, umevaa sare ya shule, unatetemeka nyuma ya pazia la shuka. Mama yako, mwongozaji mzima wa kikundi, anakuja, anakuinamia sikioni. Unadhani utapewa dua, au neno la kukutia moyo. Anakuambia, "Funga kamba za viatu." Halafu anaondoka zake. Unaisimulia vizuri, na mahali pa kunyamaza unanyamaza, watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini siku ulipomsimulia shangazi yako, ulimalizia kwa kusema, "Mama kwa wengine maneno anayo, kwangu yanamwishia." Hapo sikucheka. Nilikwenda jikoni nikakoroga uji uliokuwa umeshaiva.

Leo nitakuambia kilichokuwa kinywani mwangu siku ile. Ila hutanielewa mpaka nikuambie kwanza habari za Issa.

Wewe Issa unamjua kama mtani wetu wa Nkowe, yule anayekuja msimu wa korosho, anamkamata jogoo wetu mchana kweupe na kutuaga akiwa naye kwapani. Sisi Wamwera, wao Wayao, na koo zetu zimetaniana tangu enzi za babu wa babu zako. Usichokijua ni kwamba Issa alikuwa mwigizaji wangu. Tena nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukisema mbele ya kikundi: sijapata mwingine kama yeye. Alikuwa anaweza kuingia jukwaani akitafuta tu mahali pa kuweka kofia yake, na uwanja mzima ukashika mbavu. Wewe wakati huo ulikuwa mdogo sana, ukilala kwenye magunia matupu mle ghalani tulimokuwa tunafanyia mazoezi.

Na mimi nilikuwaje wakati huo? Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi niliyetoka darasani na fimbo mkononi nikaingia ghalani na fimbo ileile. Nilifundwa unyagoni kwa kufinywa, nikafundishwa shuleni kwa kuchapwa, na nilipopata watu wa kuwafundisha mimi sikujua kama kuna namna nyingine. Watu wazima, Zuhura, wengine wana wajukuu, nikiwapiga viganja kwa rula kwa kusahau maneno. Nikikasirika zaidi navua kandambili naitupa. Bi. Fatu mpaka leo ana tabia ya kuinamisha kichwa nikinyanyua mguu, hata kama najikuna tu. Na walivumilia, kwa sababu michezo yetu ilisifiwa kuanzia Nambambo mpaka kule Ruangwa. Watu wakisema, "Mwalimu ana hasira na kazi," na mimi navimba kichwa.

Mwaka ule tulikuwa na mchezo wa mkulima ambaye mtoto wake anaumwa homa, yeye anasema ngoja nimalize kupuliza salfa kwenye mikorosho, kesho tutampeleka hospitali. Kesho inafika, mtoto hayupo. Nilimpa Issa nafasi ya baba. Nilitaka watu wacheke, wacheke, halafu kicheko kiwakwame kooni. Kwa kupanga, nilipanga vizuri. Shida ilikuwa moja tu, Issa alishindwa kulia. Akifika pale anapoletewa habari ya mtoto anafunika uso, mabega yanatikisika, anatoa sauti ya ajabu, wenzake wanacheka, na mwishowe anacheka na yeye. Zilibaki siku nne twende Ruangwa. Nilipiga kelele mpaka nikakauka sauti. Nilitupa kandambili zote mbili.

Halafu nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia Issa alikuwa amezika mtoto. Wa kike, wa miaka miwili, kwa homa. Sikusimuliwa, nilikuwepo. Nilikaa na mke wake ndani siku mbili, nilimnawisha uso kwa maji ya ndoo.

Nikamwendea Issa pale alipokuwa amesimama akisubiri kuingia. Nikainama karibu na sikio lake nikataja jina la mtoto. Jina tu, sikuongeza neno. Siliandiki hapa, nimekwisha kulitumia vya kutosha.

Akaingia akalia. Hakufunika uso. Alishika ukuta wa ghala kwa mikono miwili, akalia bila sauti, na kila mtu mle ndani akanyamaza. Mimi nilipiga makofi. Baba yako alikuwa amekuja kutuchukua na baiskeli, amesimama mlangoni na pampu mkononi. Njiani akaniuliza, "Mama Zuhura, yule bwana umemwambia nini?"

Nikasema, "Nimemwambia kazi."

"Kazi gani inamfanya mtu mzima ashikilie ukuta?"

Nikamjibu kwamba hayo hawezi kuyaelewa, yeye atengeneze baiskeli zake. Akaendelea kuendesha. Baba yako alikuwa mtu wa kuuliza mara moja, na mimi nilikuwa nachukulia kunyamaza kwake kama amekubali.

Ruangwa uwanja mzima ulilia. Wamama waliwavuta watoto wao mapajani. Tukaitwa kwingine na kwingine tena, na kila mahali, kabla Issa hajaingia, mimi nipo nyuma ya pazia, naingia sikioni kwake nataja lile jina. Nilikuwa nimejiambia kwamba namsaidia. Nilikuwa nawaambia wengine kwamba hii ndiyo siri ya kazi, tafuta kidonda cha mtu ukiguse. Nilisema hivyo mbele ya watu, Zuhura, nikifundisha.

Mara ya nne ilikuwa Nkowe, kwao. Mke wake alikaa mbele kabisa kwenye mkeka, amevaa khanga mpya. Nilipoinama, Issa aliziba sikio kwa kiganja. Hakunisukuma wala hakunisemesha, aliziba tu kama mtoto anayeogopa dawa ya masikio.

Nikautoa mkono wake, nikalitaja.

Mambo mengi nimeyafanya kwa hasira na hasira ikaisha nikajuta. Lile nililifanya bila hasira yoyote. Nilikuwa mtulivu kama sasa hivi. Ndiyo maana huwa sikubaliani na watu wanaosema mwongozaji mkali shida yake ni hasira tu.

Issa aliingia, akaigiza, akalia. Mke wake akasimama, akakung'uta khanga, akaondoka, na watu wakampisha njia wakidhani anakwenda kunyonyesha. Mchezo ulipoisha nilikuta shati la kaki la yule mkulima limekunjwa vizuri juu ya benchi, na kofia juu yake. Issa alikuwa ameshapanda baiskeli. Niliwaambia wenzake, "Wasanii ndio walivyo, wiki ijayo atarudi." Nikampa mwingine nafasi yake na nikaendelea na njia ileile kwa miaka. Shati lile lipo kwenye sanduku la bati, lile uliloniuliza kwa nini silitoi.

Sasa nikupeleke kwenye matanga ya baba yako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na haya unayakumbuka, ila uliyaona kwa upande wa watoto.

Siku ya tatu, watani walikuwa wamekuja. Walikuwa wameshalala kwenye kitanda cha marehemu na kudai ni chao, wameshaficha sufuria la pilau. Halafu Issa akaingia uani. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu Nkowe. Hakumwiga baba yako kama watani wanavyomwiga marehemu. Alichukua khanga kwenye kamba, akajifunga kiunoni, akachomeka kalamu kwenye nywele, akaanza kutembea kwa ncha za vidole vya miguu, na kabla hajafungua mdomo wanawake wote waliomzunguka mama yako walishajua ni nani.

"Hapana! Hapana! Rudia!" Sauti yangu, Zuhura, mpaka lile koo langu la kukauka. "Wewe unalia kama mtu aliyeingiwa na moshi wa kuni mbichi! Fatu, unaangalia nini, umeona kuku? Rudia!" Akavua kandambili akairusha, ikampata mzee wa watu mgongoni. Watu walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Wazee wa msikiti walikunja uso, lakini mtani kwenye msiba hazuiwi. Wewe ulicheka kuliko wote, shangazi yako akakufinya. Nilifurahi ulivyocheka. Ulikuwa hujacheka tangu walipomtoa baba yako ndani.

Mimi nilikuwa najiona. Miaka yote nimekaa mbele ya jukwaa nikiangalia watu, na sikuwahi kuangalia mtu aliyesimama pale mbele anayepiga kelele. Alikuwa mwanamke mdogo tu, mwenye kalamu kichwani, anayeogopa mchezo usipendeze. Na watu wazima wote waliomzunguka walikuwa wameinamisha vichwa.

Halafu Issa akaacha kelele. Akaanza kuja kwangu, taratibu, kwa ule mwendo wangu wa nyuma ya pazia. Kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu wale wa kikundi waliutambua ule mwendo. Akafika mkekani akainama, kinywa karibu na sikio langu. Mimi nilijua anachokuja kusema. Alikuwa na haki ya utani mbele ya watu wote. Angemtaja baba yako kwa jina, kwa ile sauti yangu, na hakuna ambaye angemlaumu. Na haki nyingine alikuwa nayo, ambayo tuliijua yeye na mimi tu.

Niliziba sikio kwa kiganja.

Issa hakuutoa mkono wangu. Alibaki ameinama vilevile, nasikia pumzi yake, akasubiri. Sijui alisubiri muda gani, ila kuna mtoto alilia na akanyamazishwa. Mwisho nikauteremsha mkono mwenyewe.

Akasema, "Kula, Mwalimu. Hujala tangu juzi."

Hayo tu. Akafungua ile khanga, akairudisha kwenye kamba, akaenda kutoa sufuria la pilau walikolificha. Mimi nikalia, kwa mara ya kwanza tangu baba yako afe, na nikala.

Nilipotoka eda nilikwenda Nkowe kwa bodaboda. Nilimkuta shambani anapalilia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, unajua nilivyo, na yote yakayeyuka, nikabaki nasema, "Issa, lile jina. Issa, lile jina." Yeye akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, akasimama. Akasema, "Mwalimu, mimi mtani wako, nikikukasirikia nitachekwa. Lakini jukwaani sirudi. Usiniambie tena nirudi." Akanipa mihogo. Hakusema amenisamehe na mimi sijamuuliza mpaka leo. Tunacheka, anaiba kuku wangu, na jukwaani hajarudi. Hivyo ndivyo ilivyo na nimekubali hivyo.

Baada ya hapo nilijaribu kufanya kazi kwa namna nyingine, na usidhani ilikuwa rahisi. Niliporudi ghalani bila fimbo, wiki ya kwanza nusu ya kikundi hawakuja, walidhani naumwa. Wengine waliona nimelegea na wakawa wanachelewa makusudi. Mchezo mmoja haukukamilika kabisa, tukawaambia watu wa Nambambo ukweli, wakatuzomea. Nami kandambili niliirusha tena mara moja, nikaenda kuiokota mwenyewe mbele ya watu huku nimeshikwa na haya.

Tulikubaliana neno moja: mtu yeyote akisema "basi", mazoezi yanasimama, na haulizwi sababu mpaka atake kusema. Mwanzoni walilitumia kwenda kunywa maji. Halafu wakazoea. Nikaanza kukaa chini badala ya kusimama. Nikaanza kuuliza, "Hapa wewe ungefanyaje?" na kuvumilia kimya kinachofuata, ambacho kwa mdomo kama wangu ni kazi kuliko kulima.

Siku moja Bi. Fatu alikuwa na sehemu ya mama anayefiwa. Hakuweza kulia, na mimi nikasikia ulimi wangu unawasha, maana misiba ya Bi. Fatu naijua yote. Nikaukalia ulimi. Nikamuuliza. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, mie machozi sina, yameshaniisha kwa watu. Nipe kazi ya mikono." Kijana mmoja akasema, apewe korosho za kubangua. Mwingine akasema, basi wakimletea habari asiache kubangua. Basi Bi. Fatu akakaa chini, anabangua, anaambiwa mtoto amekufa, anaendelea kubangua; ila sasa maganda anayaweka kwenye bakuli na korosho anazitupa chini. Zuhura, hakuna mtu aliyemgusa kidonda. Kila mmoja alitoa kipande chake, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja, kila mtu anasikiliza mchi wa mwenzake. Uwanja ulishikwa kuliko siku ile ya Ruangwa. Na jioni Bi. Fatu alirudi nyumbani kwake akicheka.

Lakini Bi. Fatu na korosho zake walikuja baadaye. Siku yako wewe ilikuwa kabla, wakati nilikuwa nimeiacha fimbo bila kujua nishike nini.

Mchezo ulikuwa wa mtoto wa shule aliyefiwa na baba. Uliutaka mwenyewe, nikakukatalia, ukanishinda. Kwenye mazoezi ulikuwa unasema maneno kama unakariri tebo ya hesabu. Nilikuwa nimemaliza karibu miaka miwili bila kumtajia mtu kidonda chake. Na pale nyuma ya shuka, watu wamejaa, wazee wa kata wamekaa kwenye viti, kikundi kizima kinasubiri kuona kama njia yangu mpya inaleta chakula mezani, nikaogopa. Nikakumbuka kwamba wewe nakujua kuliko mtu yeyote. Nilijua ni neno gani. Lilikuwa ni lile baba yako alilokuwa akikuita asubuhi akikuamsha. Nikainama, na lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Issa aliziba sikio. Wewe ulinigeuzia sikio, ukasogeza na nywele ili nisikike vizuri.

Nikaangalia chini kwa haya, nikaona kiatu chako cha kushoto, kamba imelegea inaburuza. Nikakuambia nilichokuambia. Halafu nikaondoka haraka, lile neno lisije likanitoka.

Uliigiza vibaya, nikuambie ukweli. Macho makavu, sauti ya tebo, bwana mmoja aliinuka akaenda kununua karanga. Ulirudi nyuma ya pazia umenuna, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Lile neno la baba yako lilikuwa bado ni lako. Mpaka leo ukilisikia linakuja na yeye, haliji na mimi.

Kosa langu ni kwamba sikukueleza. Nilikaa nayo miaka hii yote kama siri nzuri, na wewe ukabaki unadhani mama yako aliishiwa maneno. Ukakua, ukaipenda kazi hii, ukatafuta mwenyewe namna ya kumfanya mtu alie jukwaani. Au labda hukutafuta. Labda uliyasikia kwenye yale magunia, ukidhaniwa umelala.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita wewe ndiye uliyekuwa unaongoza mazoezi, mimi nimekaa mlangoni mwa ghala. Nilikuona unamwendea rafiki yako Sharifa kabla ya ile sehemu yake ya kulia. Nilikuona unainama. Nilikuwa karibu, mwanangu, nilisikia. Ulimwambia, "Mama yako harudi." Sharifa akaingia akalia vile, na wewe ukanigeukia macho yanang'aa. "Mama umeona? Noma sana! Imekubali!" Ulikuwa na furaha kama mimi niliyepiga makofi.

Nikatikisa kichwa nikatabasamu. Ndivyo nilivyofanya, mimi niliyejua yote haya. Nilijiambia kwamba unaondoka, nisikuharibie wiki zako za mwisho nyumbani. Baada ya hapo nilimwona Sharifa bombani, amenawa uso, akaendelea kunawa wakati uso umeshakuwa safi, na sikumwendea.

Wiki hii umeniuliza mara mbili, "Hivi Sharifa mbona haji kuniaga?" Na jana ukasema labda simu yake imeisha chaji. Mara zote mbili nilikuambia yuko shambani. Hayuko shambani, Zuhura. Yuko kwao, nyumba ya nne kutoka msikitini, kila nikipita namwona anachambua mboga. Mama yake alivuka kwenda Msumbiji yeye akiwa darasa la pili, na siku alipokuambia habari hiyo mlikuwa mmelala mkeka mmoja, hapa hapa barazani. Alikuambia wewe kwa sababu ni wewe.

Unakwenda Ruangwa kuongoza vijana ambao hukuwazaa wala hukukua nao. Watakuheshimu, watakuogopa kidogo, na watakupa masikio yao kwa sababu wewe ndiye mwongozaji. Mlipanga Sharifa akufuate mwezi ujao mwanzishe kikundi pamoja. Sijui kama atakuja. Sijui hata kama atakufungulia mlango leo. Issa mimi alinipa mihogo, lakini hilo lilichukua miaka, na nilichelewa kwa uoga wangu mwenyewe. Kwako zimepita wiki mbili tu. Jua bado lipo. Niachie hapa huyo kuku wa bibi yako, wala usikae kuniuliza mimi maswali, nitakuwepo usiku kucha. Nenda kwa Sharifa kwanza.

Ukifika usitafute maneno ya kupanga, utayasahau kama mimi. Na akiziba sikio, mwache. Subiri.

Huko Ruangwa utamwona Issa, Nkowe si mbali na atakuja kukutania mbele ya watu wako wapya, jiandae. Atakuiga, na atakuiga vizuri kwa sababu wewe ni mimi kidogo. Cheka naye. Usimwombe aigize. Kama ukitaka mumfanyie kitu, mwekeeni kiti mbele, na kingine pembeni yake cha mke wake. Shati sikupi ulipeleke. Hilo ni langu, nitakuja nalo mwenyewe tukishauza ufuta.

Nasikia bodaboda inakata kona na kuku analalamika, kwa hiyo umefika. Naikunja hii.

Kesho asubuhi pale stendi, mbele ya kondakta na watu wote, nitakuja nikuinamie sikioni. Usishtuke. Nakupenda kuliko kazi yangu yote, na nitakachokuambia unakijua tayari. Utavaa zile raba nyeupe, na kamba zake huwa hufungi.

Mama yako